Kisanduku cha Mama

Baba yangu ni seremala wa milango na makabati, lakini kwenye ukoo wetu hakuna anayemtaja kwa milango. Anatajwa kwa visanduku. Kila aliyeoa, aliyeolewa au aliyejifungua alitengenezewa kimoja kutoka bonge moja la mbao, kwa msumeno wa mkanda, ule wenye ukanda wa meno unaozunguka bila kupumzika. Kwanza anakata mgongo wa bonge, kama unavyokata kipande cha mkate. Kisha analizungusha taratibu mpaka droo itoke humo humo tumboni, halafu anaurudishia mgongo kwa gundi. Ndiyo maana droo ya kisanduku kimoja haiingii kwenye kingine, hata ukiibembeleza.

Mkaguzi alikuwa Mama. Hakuna kisanduku kilichotoka nyumbani kabla hajaivuta droo kwa kidole kimoja, kichwa amekiinamisha upande, nasi tumetulia tuli. Ikikwama, anamtupia Baba jicho.

"Baba watoto, hii droo imenuna. Umeitukana nini?"

Baba anachukua msasa na kurudi karakanani akinung'unika, huku Mama hana mbavu kwa kicheko.

Yeye mwenyewe hakuwa na kisanduku. Akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Chako nakitafutia mbao inayokustahili." Shangazi zangu walipata, wakwe walipata, hata mke wa pili wa mjomba, ambaye ndoa yake haikumaliza msimu, aliondoka na chake kwapani. Mimi nilikasirika kwa niaba ya Mama. Yeye alicheka tu.

Halafu akaugua ini, na daktari akatuambia wazi kwamba turudi naye nyumbani. Siku hiyo Baba hakutia kitu mdomoni. Aliinama uvunguni mwa kitanda chao akavuta bonge la mninga lililofungwa kwa shuka kuukuu. Kumbe mbao ilikuwepo miaka yote. Alikuwa anaogopa kuikata vibaya.

Msumeno ulilia kutwa nzima. Mama alikuwa anausikiliza kupitia dirishani.

"Anakimbilia wapi yule?" aliniuliza. "Kamwambie kwenye kona apunguze mwendo."

Alishajua ataweka nini humo: pete yake ya ndoa, ambayo ilikuwa inampwaya kidoleni.

Jioni nilikwenda karakanani. Kisanduku kilikuwa kwenye vibano, gundi bado mbichi.

"Baba, Mama anakitaka."

"Hakijakauka. Kesho asubuhi."

"Akione hivyo hivyo, na vibano vyake."

"Wote niwape kizima, mama yako nimpe kibichi? Haiwezekani!"

Nilitaka kumpigia kelele. Kisha nikamwona anakaza kibano ambacho tayari kilikuwa kimekazwa, nikarudi ndani nikamwambia Mama ni kesho.

"Huyo namjua," alisema. "Haya, kesho nitaivuta hiyo droo."

Alituacha alfajiri, kabla Baba hajalegeza hata kibano kimoja.

Tulipotoka kumzika, Baba alikileta sebuleni, viatu vyake bado vina udongo. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Nalisema hilo pamoja na hasira zangu zote. Alitoa ile pete mfukoni, akavuta droo. Haikutoka. Akavuta tena, akakigeuza, akachungulia kwenye mwanya. Katika haraka zake alikuwa ameurudishia mgongo droo ikiwa ndani, gundi ikavuja na kuishika. Ni kosa ambalo mwanafunzi wake angelifanya siku ya kwanza, angefukuzwa.

"Nilete patasi?" kaka yangu aliuliza.

"Acha."

Alikaa kwenye kiti cha Mama, kisanduku mapajani. Akakiinamisha kichwa upande, vile vile kama yeye, akaivuta droo kwa kidole kimoja.

"Angenicheka," alisema. "Wanangu, leo mama yenu angenicheka mpaka azimie."

Sote tukajikuta tumegeukia mlango wa chumbani. Baba naye aliutazama, akangoja kidogo, kama mtu anayengoja kusutwa. Kicheko hakikuja. Ndipo alipolia.