Mtoto wa Kwanza wa Tonton Cirhuza

Harufu ya wino wa muhuri hainitoki puani hadi leo. Nikisimama kwenye dirisha la ofisi yoyote, mimi mwenye mvi sasa, ghafla ninarudi kuwa msichana wa miaka kumi na miwili, soksi zimevutwa hadi magotini, mkono wangu ndani ya mkono wa maman uliolowa jasho.

Tuliishi Cimpunda, mimi na maman. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwanamume aliyenizaa hakuwahi kufika kwao maman na ng'ombe wa mahari wala na jina lake. Mtaani waliniita mutoto wa inje. Nilikuwa nimezoea, au nilijidanganya hivyo, mpaka nilipofaulu kwenda sekondari na masista wakataka cheti chenye jina la baba kabla ya Jumamosi. La sivyo, nafasi yangu angepewa mwingine.

Sheria ilisema kila mtoto awe na baba. Asipojulikana, mahakama iliweza kumweka mtu wa ukoo wa mama mahali pake. Ndipo akashuka kutoka Lwiro Tonton Cirhuza, kaka yake maman, aliyelisha panya wa watafiti kule. Tulizoea kumcheka kwa sababu koti lake lilinuka pumba. Siku hiyo alikuwa amelifua.

Sasa niwaambie kilichokuwa kichwani mwangu. Kwetu mtoto hufuata baba, kila mtu alilijua hilo. Kwa hiyo niliamini kwamba muhuri ukishapigwa, Tonton atanichukua Lwiro na maman atabaki peke yake. Asubuhi ile nilikuwa nimeficha sanduku langu chini ya gunia la makaa ili Tonton asilipate.

Mahakamani, jaji alivua miwani, akamtazama Tonton.

“Uko na bibi?”

“Bado. Nitaoa mwezi ujao, kule Nyantende.”

“Basi sikia vizuri, citoyen. Nikiandika, huyu iko mutoto wako ya kwanza. Batu ya Nyantende banajua?”

Tonton alizungusha kofia yake mikononi. “Batajua. Andika tu, papa juge.”

“Kaka, ngoja kwanza,” maman alisema kwa sauti ndogo.

“Jumamosi iko kesho kutwa, dada.”

Kisha jaji akaniuliza mimi kama ninakubali. Nilitaka kusema hapana. Nikamwona maman amefumba macho, nikasema “Ndiyo,” na machozi yakanitoka. Wote walidhani ni furaha.

Nyumbani Tonton alikunywa chai vikombe viwili, akamaliza mandazi yote, nami nimekaa mlangoni roho mkononi. Halafu akavaa kofia, akaniambia, “Usome,” akaondoka. Peke yake! Nilifurahi mno kwamba alikuwa amenisahau.

Arusi ya Nyantende haikufanyika. Baba wa bibi arusi alikataa binti yake akazae mtoto wa pili, ilhali wa kwanza, mimi, tayari nimeandikwa. Maman alilia siku nyingi. Mimi, Mungu anisamehe, nilisikitikia tu gauni nililokuwa nimeahidiwa.

Nilisoma, nikawa mwalimu kama maman. Tonton hakuoa kamwe, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Tulipomzika, aliitwa mtoto wa kwanza atupe udongo. Nikasogea, nikatupa. Wakaita watoto wanaofuata. Niligeuka niwapishe, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.