Bidoni Mbili za Mama Clémentine

Shingoni mwa Mama Clémentine Kabedi hukaa uzi mmoja wenye vitu viwili: msalaba mdogo wa shaba na ufunguo wa bomba la maji. Ukimuuliza kipi kizito zaidi, atakujibu kwamba hajawahi kuvitenganisha ili avipime.

Bomba hilo ni la barabara yao, huko Kikula, mjini Likasi. Maji hutoka tangu jua linapochomoza mpaka watoto wanapoingia darasani, kisha hukatika. Watu huweka bidoni zao, yale madumu ya njano, kwenye mstari, kisha hukaa pembeni kupiga soga. Inayopanga foleni ni bidoni, si mtu. Mbele kabisa, chini ya bomba, hukaa bidoni mbili za Mama Clémentine mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayefungua. Hakuna aliyewahi kulalamika juu ya hilo.

Kabla ya kupewa ufunguo huo, alimwomba Mungu kazi kwa miaka mingi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba yake alikuwa karani, dada zake wana maduka. Yeye peke yake alijiona amesahauliwa. Kanisani alijaribu kwaya. Baada ya majuma mawili kiongozi wa kwaya alimwomba, kwa upole mwingi, asaidie kupanga viti. Akavipanga vizuri hata kamati ya barabara ikasikia habari zake na kumkabidhi bomba. Aliupokea ufunguo akiwa amepiga magoti. Huo ndio ulikuwa wito wake.

Mwaka huu alikwenda Mulungwishi kwenye semina ya uongozi wa Kikristo. Semina ilikuwa ya siku tatu, naye alikaa mbili. Siku ya pili walisoma neno la Bwana Yesu juu ya wa mwisho kuwa wa kwanza. Siku ya tatu ilikuwa ya maswali, na Mama Clémentine hakuwa na swali. Alipanda gari akarudi Likasi, moyo ukiwaka.

Jumatatu asubuhi alijaza bidoni zake mbili kama kawaida, kisha akawageukia watu.

"Kuanzia leo tunafuata Biblia. Bidoni ya nyuma inakuya mbele."

Papa Ghislain, mstaafu wa kiwanda ambaye siku hizi kazi yake kubwa ni kufika wa kwanza, alisimama polepole.

"Mama, minye niko hapa tangu jogoo haijalia."

"Ndiyo, njo vile, papa. Utapumuzika kule nyuma."

Plamedie, binti anayeuza mikate ya kukaanga, alikuwa amefika dakika hiyo hiyo, alama ya mto bado iko shavuni. Alijaza wa kwanza, akicheka hata akamwaga.

Jumanne hakuna aliyeweka bidoni. Barabara nzima ilikaa ng'ambo, kila mtu na bidoni yake katikati ya miguu, akingoja kuwa wa mwisho. Mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa sapatu. Mama Clémentine alijaza zake mbili, akaita, akasihi. Papa Ghislain alipiga hatua moja mbele. Wote wakajipanga haraka nyuma yake. Naye akarudi kukaa.

"Minye si mupumbavu," alisema.

Wakaviziana hivyo mpaka kengele ya shule ikalia na bomba likakohoa, likanyamaza.

Mchana Papa Adolphe, mwenyekiti wa kamati, alifika kwake akiwa hajaoga, jambo ambalo halijapata kuonekana.

"Mama Clémentine, kesho mulongo ya bidoni isipokaa sawa, ile funguo itaenda kwa Papa Ghislain. Nasikitika."

Alipoondoka, Mama Clémentine aliushika uzi wake kama mtu anayezuia kofia kwenye upepo. Kurudi kwenye viti? Alikuwa bado amekaa hivyo Plamedie alipoingia na bakuli.

"Mama, nipe mayi kidogo. Niko na bunga tu, na bunga ya kukauka hainunuliwe."

Akamchotea maji ya kukandia unga wake. Plamedie alizitazama zile bidoni mbili zilizojaa.

"Ile andiko ya wa mwisho ni ya sisi bantu yote?"

"Ya bantu yote."

"Aa. Nauliza juu bidoni zako jana zilikuwa za kwanza. Na leo zilikuwa za kwanza. Nilizani labda weye ulikuwa na Biblia ingine."

Alisema bila ubaya, akaondoka na bakuli lake. Hilo ndilo swali ambalo Mama Clémentine angeliuliza siku ya tatu ya semina. Akawaita majirani waje na sufuria, akagawa maji yote.

Jumatano alitangulia watu wote. Bidoni zake tupu alizipeleka mbali, penye kona ya ukuta, mahali ambapo mstari huishia.

Papa Ghislain alipofika alikuta nafasi chini ya bomba iko wazi. Hakuiamini.

"Iko mutego gani tena?"

"Hakuna mutego, papa. Anayefika mbele, anajaza mbele."

"Na zako?"

"Kule."

Alikwenda mpaka kwenye ukuta kuhakikisha, akarudi mbio kabla ya kuporwa nafasi. Mstari ukajipanga, ukasogea. Ya Plamedie ikajazwa, halafu ikaja bidoni ya kwanza ya Mama Clémentine. Ilipofika nusu, kengele ikalia na bomba likakohoa. Ya pili haikupata hata tone.

Papa Adolphe, aliyekuwa amesimama pale tangu mwanzo, alikuna kidevu.

"Mulongo ni muzuri. Lakini kamati ilikuwa imekwisha kutaja jina. Papa Ghislain, unaitaka ile funguo?"

Papa Ghislain aliitazama bidoni yenye nusu, kisha ile tupu.

"Muntu ya funguo anajaza wa mwisho, sasa?"

"Ndiyo, njo inaonekana."

"Basi akae nayo."

Mama Clémentine aliurudisha uzi ndani ya kitenge, akajitwika kichwani bidoni yake yenye nusu na kuanza wimbo wa kanisani. Papa Ghislain akaongeza mwendo, awe wa kwanza kufika mahali wimbo ule usikosikika.