Mashua ya Baba Mkwe

Kinyozi aliazima mashua ya baba mkwe wake, akaigonga mwambani pale mto unapoingia baharini, akairudisha kimyakimya. Jumapili familia nzima ilipotoka kuvua, maji yakaanza kuingia. Mkewe aliyachota na kuyamwaga kwa sufuria mpaka wakafika ukingoni wamelowa chapachapa.

“Mikono yangu imezeeka,” alisema baba mkwe, maana mashua ile aliiunda mwenyewe. “Siundi tena.”

Siku tatu kinyozi alimkwepa. Siku ya nne akamfuata mzee uani.

“Baba, ni mimi niliyeigonga mashua mwambani.”

“Ungenizika na aibu isiyo yangu,” alisema mzee, kisha akaenda kutafuta nyundo. Kinyozi alimshikia mbao mchana kutwa, asithubutu kumtazama usoni.