Bunduki ya Mgomba, Fupi au Ndefu

Enzi zetu sisi, bunduki ilikuwa ikiota shambani. Hukuhitaji duka wala kibali. Ulikwenda migombani, ukakata jani lililokomaa, ukalichambua ukabakisha uti wake mnene, kisha ukauchanja mgongoni vipande vipande na kuvisimamisha kama masikio ya punda. Ukipitisha kiganja kwa nguvu, masikio yanalala moja baada ya jengine: tra-ta-ta-ta! Mikono inanata utomvu, shati lina madoa ambayo hata sabuni ya mche haiyatoi, na mama anakungoja mlangoni na kandambili mkononi. Nyinyi wenzangu mliolelewa Pemba mnajua nazungumza nini. Hawa watoto wetu wa Lewisham, huku ughaibuni, ukiwahadithia wanatazamana, wanadhani baba ameanza kupotewa na akili.

Na kama majeshi yote, na letu liligawika. Kulikuwa na watu wa fupi na watu wa ndefu. Mimi nilikuwa wa fupi. Fupi inakimbilika, inapita chini ya mikarafuu bila ya kukwama, na ukiitwa ghafla chuoni kusoma Kurani unaipachika kiunoni ndani ya kanzu, mwalimu haoni kitu. Binamu yangu Hamad, mtoto wa ami yangu, alikuwa wa ndefu. Yake ilimzidi kimo, na masikio yake yalikuwa mengi mpaka ukiipiga kuku wa jirani wanaruka ua.

"Weye hiyo bunduki au mswaki?" akiniuliza.

"Na yako bunduki au mlingoti?"

Bibi yetu alikuwa akituangalia huku anamenya muhogo, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele yake, harufu mpaka kooni. Hakutukataza kucheza. Alitukataza kitu kimoja tu. "Hata ya mgomba isielekezewe mtu," alisema. "Mkitaka kupiga, pigeni kunguru." Ukimwelekezea mwenzio, siku hiyo muhogo wa nazi unausikia harufu tu.

Skuli sikufika mbali, kwa sababu nitakazozitaja. Lakini hilo somo la bibi ninalo mpaka leo, na sikujua kama nitalisikia tena, tena kwa Kiingereza.

Binti yangu Raya ana miaka kumi na tano. Watoto wa wenzangu wanacheza mpira, wanacheza simu. Wangu analala kifudifudi ndani ya ukumbi anatoboa karatasi kwa bunduki. Skuli yao iliwapeleka siku moja kujaribu, akatoboa kiduara kidogo kama kifungo cha shati, na hapo ndipo niliponyang'anywa mtoto. Na anavyojitayarisha! Koti gumu la ngozi, glavu ya mkono mmoja, miwani, viziba masikio, godoro la kulalia. Sisi tulilala kwenye mchanga, siafu wakatuingia, na tulishinda vita vyote. Nimemwambia. Akanijibu, "Baba, chill," yaani nitulie.

Mwanzoni nilikuwa nampeleka kisha nasubiri nje, kwenye maegesho ya magari, mvua inyeshe isinyeshe. Mlio ule siuwezi. Mke wangu anajua, Raya hajui. Yeye anadhani baba hapendi mchezo kwa vile si mpira.

Sasa wamemchagua kuingia timu. Sharti ni awe na bunduki yake mwenyewe, ya kilabu haitoshi tena, na bila ya idhini ya mzazi hapati. Siku nzima mtoto hakula. Hakunisihi, na kama angenisihi ningekataa kwa urahisi. Alikaa tu kwenye ngazi anachambua kucha. Mama yake akanivuta mpaka jikoni. "Mwanao hajawahi kutaka kitu," alisema. "Ukimnyima hiki, mwambie kwa nini. Usimnyime na sababu pia."

Nikakubali polisi waje kuangalia nyumba. Ndiyo, hapa polisi huja kwanza kuona bunduki italala wapi. Akaja mwanamke mmoja mpole, akasimama mlangoni, akaona viatu vyetu vimepangwa, akainama akavua vyake. Wallahi nilishikwa na kicheko, ikabidi nijifanye nakohoa. Polisi na soksi zenye maua kwenye zulia langu! Akatikisa kabati la chuma la kufungia bunduki, akanywa chai, akala na kitumbua, akaniuliza kama kuna mtu humu ndani ana wasiwasi na bunduki. Nikamwambia hapana.

Nikamkumbuka Koplo Mbaruku, polisi wa kwetu Pemba. Yeye aliingia na mabuti mpaka kwenye mkeka wa bibi wa kusalia.

Basi Jumamosi tukenda kuchagua. Mwalimu wao ni mzee mmoja wa Kiingereza, Keith, suruali yake inashikiliwa na mikanda ya mabegani. Ilinibidi niingie ndani. Neno la kwanza alilonambia, kabla hata ya salamu kukamilika, ni kwamba humu bunduki haielekezewi mtu, hata ikiwa tupu, hata kwa mzaha. Nikamtazama vizuri. Hakufanana na bibi hata kidogo.

Akaweka mbili mezani, ya mtutu mfupi na ya mtutu mrefu. Akaeleza: fupi ni nyepesi, msichana mwembamba haimchoshi mkono, na inageuka upesi. Ndefu ni nzito kwa mbele, kwa hiyo inatulia, na kwa vile tundu la kulengea la nyuma na alama ya mbele zinakaa mbalimbali, kosa dogo la jicho linaonekana kabla hujafyatua. Na fupi nayo ina mpaka wake, akasema, ikipungua kipimo sheria haitaki kuisikia, maana inafichika ndani ya koti. Hapo pia nilitaka kucheka. Waliokuja kwetu na fupi hawakuwa na haja ya kuficha.

Raya akazishika zote mbili. Macho yake yalikuwa kwenye ndefu, yeyote angeona. Lakini mtoto ana adabu. "Baba, wewe ungechukua gani?"

"Fupi," nikasema.

"Kwa nini?"

Keith naye akangoja jibu.

Sababu yenyewe ni hii, na majina nayataja, maana wao yetu waliyataja bila ya aibu. Sheha wetu, mkuu wa serikali pale mtaani, aliitwa Faki. Ulikuwa msimu wa kupiga kura, na Faki alitaka aonekane ana kazi. Akapeleka habari polisi kwamba vijana wa mtaani kwetu wanafanya mazoezi na silaha. Faki alijua silaha gani. Migomba tuliyokata ilikuwa yake, akitufukuza kila wiki akitutukania mama zetu. Alijua kila jani lilikotoka.

Polisi wakaja asubuhi, jua la kuchezea. Sisi tulikuwa vitani ndani ya shamba la muhogo, tumejibanza. Mimi na fupi yangu nilipotea kabisa kwenye majani. Hamad naye alipotea, ila bunduki yake haikupotea. Ilichomoza juu ya muhogo kama mlingoti, kama nilivyomtania, inakwenda huku na huku. Wakapiga pale ilipochomoza. Moja ikaniparua bega, alama ninayo, nikioga naiona. Zilizobaki alizichukua Hamad.

Koplo Mbaruku ndiye aliyekuja kuiokota ile bunduki. Akaigeuza. Akapitisha kiganja, masikio yakalala: tra-ta-ta-ta. Akaitupa, akaandika kwamba ilionekana silaha ndefu. Na ushahidi wetu? Mbuzi wa bibi aliula kabla hatujarudi kutoka makaburini. Mwaka ule nikatolewa skuli, nikavushwa Mombasa, na maisha yakanitema huku.

Faki yu hai. Nasikia macho yamemharibikia. Sishangai, yalianza zamani. Mbaruku amestaafu, anafuga ng'ombe wa maziwa, watu wanamwita mzee.

Hayo yote sikuyasema pale mezani. Nilimwambia Raya tu, "Ndefu inaonekana mbali."

Akakunja uso. "Nani ataiona, Baba? Ni karatasi."

Ni karatasi. Nikaangalia mwisho wa ukumbi. Kweli kulikuwa na karatasi tu, na taa, na ukuta, na nyuma ya ukuta mchanga. Hakuna mtu aliyetumwa kuja kupiga watu. Mtoto amesimama, mtutu ameuelekeza chini, kidole kiko mbali na kifyatuo, kama aliyelelewa na bibi ambaye hakuwahi kumuona.

"Chukua ndefu," nikasema. "Hapa hakuna muhogo."

"Muhogo?" alisema Raya. Keith akamtazama yeye, yeye akanitazama mimi.

"Kapige kwanza. Nitakuhadithia kwenye basi."

"Hutoki nje leo?"

"Sitoki."

Akanivisha viziba masikio vyake vya akiba, akavirekebisha kama mimi ndiye mtoto. Akalala kwenye godoro lake. Mlio wa kwanza nilishika ukingo wa meza. Wa pili pia. Baadaye nikawa natazama karatasi. Na kwenye basi nikamhadithia, kutoka kuchanja jani mpaka mbuzi. Yeye mwenye kunijibu Kiingereza siku zote, siku ile aliniuliza kwa Kiswahili, "Hamad alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia: kumi na tano, kama weye.

Enzi zetu zilikuwa tamu, sikatai. Karafuu kwenye majamvi, muhogo wa nazi, bunduki inayonyauka kabla ya magharibi na kesho unakata nyengine. Watoto wa siku hizi hawajui hata mgomba unachanjwaje, na kulala chini wanataka godoro. Lakini bunduki ya Raya ni ya chuma, ina kufuli na kabati, na polisi aliivulia viatu. Haijaua hata kunguru. Yetu ilikuwa ya mgomba.