Zamu za Chumba cha Vyetezo

Chumba cha chini cha nyumba yetu, huku mtaa wa Langoni, Lamu, ni kirefu na chembamba kama vyumba vyote vya nyumba za mawe, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Aliyekijenga hakuwa na namna ya kukipanua, na sisi wanawake sita tuliokifanya karakana ya ufinyanzi hatukuwahi kumlaumu. Tuliketi safu mbili tukielekeana, magoti yakikaribia kugusana, bakuli moja la maji katikati, na aliyetaka kutoka ilimbidi aombe njia kwa kila mmoja. Nusu ya mizaha ya siku ilitokana na huko kuombana njia.

Nilikifunga Jumatano, tarehe 18 Machi 2020. Kuandika nilijifunza ukubwani, katika darasa la gumbaru, baada ya mume wangu kufariki, na tangu hapo sipendi jambo la maana linipite bila kuijua siku yake. Siku ile hatukumjua mgonjwa hata mmoja. Lakini redio ilikuwa imesema, na skuli zilikuwa zimefungwa. Nilifunika udongo kwa magunia yaliyoroweshwa, nikageuza ufunguo, nikapanda juu, nikiamini kwamba nafunga kwa wiki mbili.

Mwanangu wa pekee ameolewa Mombasa, na Mombasa hapakuwa na ruhusa ya kutoka wala kuingia. Ramadhani ikaingia. Kila mwaka, kabla ya magharibi, sahani zilizofunikwa kawa hupita vichochoroni kutoka nyumba hii hadi ile. Mwaka ule hazikupita. Nilijipikia futari ya mtu mmoja. Uji wa mtu mmoja hupikika, lakini kaimati hazipikiki: unga ukishaumuka huumuka kwa ajili ya watu wengi, nami nilikaa na bakuli la kaimati mbele yangu, nikizila kwa adabu, kana kwamba kuna aliyekuwa akinitazama.

Mwezi wa Mfungo Nne, mwishoni mwa Agosti, shemeji yangu alikuja akasimama mlangoni. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa kiasi, na chumba cha chini ni mali ya urithi wao wote; mimi hukitumia kwa hisani yao. Barakoa yake ilikuwa chini ya kidevu.

"Shemeji, chumba kimelala," alisema.

"Kimelala. Hakikufa."

"Yupo mtu ataka mahali pa kuweka saruji. Nimemwambia angoje. Kazi ikirudi, mimi sina neno. Lakini ukiandama mwezi wa Mfungo Sita na hapajatoka vyetezo hapa, utanipa ufunguo."

Sikumwona kuwa mbaya. Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, na hakuna nyumba Lamu isiyotaka chetezo kipya cha kufukizia udi mwezi huo. Karakana ya vyetezo ambayo haikutoa kitu kwa Maulidi haina la kujitetea. Nilimjibu kwamba nimesikia. Sikumwambia kwamba chumba kile, zaidi ya kuwa mahali pa kazi, ndicho kilichokuwa kikinitilia sauti za watu ndani ya nyumba.

Nilimwita bwana wa afya aje akione kabla sijafungua. Alikuwa kijana wa bara, mpole. Alinyoosha mikono yake miwili, ikakaribia kufika kuta zote mbili, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa hata wawili ni wengi. Mtu mmoja mmoja. Madirisha wazi, mikono ioshwe kwa sabuni, barakoa isitoke. Na jambo moja kubwa: kitu kilichoshikwa na mikono ya watu kisifike usoni. Tafadhali, msiguse uso."

Nilifungua Jumatatu, tarehe 7 Septemba. Niliweka ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni, na kila mmoja akaja na bakuli lake. Tulikuwa sita, na siku za kazi ni sita ukiacha Ijumaa. Kila mmoja akapata siku yake, nami nikajiwekea Jumamosi. Kazi yenyewe hatukuigawa upya, kwa kuwa hatukujua namna nyingine ya kuifanya. Chetezo chetu hakikuwahi kuwa cha mtu mmoja: huyu hutengeneza mguu, yule hupandisha ukuta, mwingine hutoboa matundu ya moshi, na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye humaliza mdomo na kusema kimefaa. Kwa hiyo kila mwanamke alipokuja siku yake, alikuta kazi ya mwenzake wa jana chini ya kitambaa kibichi, akaiendeleza, akaifunika, akaondoka.

Nilidhani nitafurahi. Asubuhi ya kwanza nilisikia mlango wa chini ukifunguliwa, nikashusha pumzi. Kisha nikasikia maji yakimiminwa, na kofi la udongo juu ya ubao. Halafu hapakusikika tena chochote. Mtu mmoja akifinyanga hasemi. Nilikaa juu nikisikiliza ukimya ule, na nikaona kwamba ulikuwa mzito kuliko ule wa chumba kilichofungwa, kwani huu ulikuwa na mtu ndani yake.

Siku ya tatu sikuvumilia. Nilivaa barakoa, nikashuka hadi katikati ya ngazi, nikaketi. Ilikuwa zamu ya mtoboaji wetu wa matundu, mdogo kuliko sote na mwenye ulimi mkali kuliko sote.

"Bi, umekuja kunilinda?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Nilikuwa sijui ufinyanzi una askari."

"Nimekuja kupumzika."

"Kwenye ngazi? Na kochi lote lile huko juu?"

"Kochi halina upepo."

"Haya. Kaa basi, ule upepo. Ila usiniongeleshe, nikihesabu matundu nikakosea, chetezo kitatoa moshi upande mmoja, waje waseme nyumba ya Bi inafukiza majirani."

Alicheka, nami nikacheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa barakoa huchosha mazungumzo. Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Baada ya siku ile nilishuka kila siku, isipokuwa siku ya wifi. Mbele ya wifi sikutaka kuonekana nimeketi ngazini kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Vyetezo vikazidi kujipanga kwenye rafu. Vilikuwa vizuri, bado nasema vilikuwa vizuri. Kila jioni, mlango ulipofungwa, niliteremka nikatazama vitambaa. Nilipokuta kimoja kimeanza kukauka, nilidhani mwenye zamu amesahau, nikakinyunyizia maji. Niliona huo ndio wema ulionibakia kumfanyia mtu nisiyeweza kuketi naye.

Siku mbili kabla ya kuchoma mwenye zamu aliviondoa vitambaa, akavipandisha vyetezo juu ya nyumba, juani. Vilipauka upesi, vikawa na ile rangi ya vumbi inayomridhisha mfinyanzi. Jumamosi, tarehe 10 Oktoba, tulivipakia kwenye makapu ya punda, vikiwa vimezungushiwa nyasi, tukavipeleka nyuma ya mji, kwenye kiwanja cha mchanga kilichoachwa na baba mkwe wangu. Moto wa kuchomea hauwashwi Langoni, kwenye mapaa ya makuti.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa sisi sita kuonana pamoja tangu Machi. Tulisimama mbalimbali, kila mmoja na barakoa yake, tukasalimiana kwa kuweka mikono vifuani. Mwenzetu mmoja alilia kidogo, akasingizia mchanga.

Wifi ndiye mwenye kuvipima vyombo kabla ya moto. Amevipima maisha yake yote kwa namna moja: hukiinua chombo na kukilaza shavuni. Shavu likisikia ubaridi, chombo bado kina maji ndani, hata kikiwa cheupe nje, naye hukirudisha. Mkono wa mfinyanzi hauwezi kazi hiyo, umeshakuwa mgumu. Siku ile alikiinua chetezo cha kwanza, akakipeleka usoni, akasita. Bwana wa afya hakuwapo, lakini maneno yake tuliyajua sote, na chetezo kile kilikuwa kimepita mikononi mwetu sote.

"Ondoa barakoa, mama, uso ni wako," alisema mtoboaji wa matundu.

"Nina pumu, mwanangu. Nikifa utanifinyangia nini?"

Alikilaza chetezo juu ya barakoa. Kitambaa kilikuwa kimepata jua tangu asubuhi. Kilikuwa na joto lake chenyewe. Akakipima hivyo, na vingine vyote hivyo, akavipanga, tukavifunika kwa makumbi na makuti makavu, akapiga bismillahi, akawasha.

Cha kwanza kilipasuka kabla moshi haujawa mweupe. Chombo kimoja kupasuka ni kawaida. Kikafuata cha pili, na cha tatu, kisha vikawa vinapasuka mfululizo kama bisi chunguni, na vipande vikaruka nje ya moto hadi miguuni petu. Wifi hakurudi nyuma. Alisimama akitazama mpaka ngurumo ikaisha.

"Vilikuwa na mai," yaani maji, alisema. "Miguuni. Miguu ilikuwa mibichi." Kisha akatugeukia. "Nani alikuwa akirowesha vitambaa?"

Alikisogeza kwa ncha ya kiatu kipande kilichorukia miguuni pake.

"Nauliza kwa kheri. Mimi yangu nasema: kila Jumapili naliona vikavu, nikatia mai. Nikadhani nyinyi hamtii."

"Na mimi nilitia," alisema mpandishaji wa kuta. "Nilikuta vikavu kidogo."

"Na mimi."

"Mimi niliona wa jana amesahau, nikamsitiri."

"Wa jana ndiye mimi!" alipaza sauti mtoboaji wa matundu. "Nilikuwa nimeviacha vikichururika!"

Nami nikasema kwamba nilivinyunyizia kila jioni.

Siku zote tulipoketi pamoja hakuna aliyegusa kitambaa bila kumwuliza wifi, naye mara nyingi husema, "Kiate, kimekaza," yaani kiache, hakihitaji maji. Zamu zilituondolea wa kumwuliza. Kila mmoja, peke yake chumbani, alimfanyia mwenzake hisani, na hisani sita zikawa maji yasiyokauka.

Ndipo mmoja akacheka. Sikumbuki ni nani. Barakoa zilificha midomo. Wote wakacheka, wamesimama mbalimbali mchangani, wakipigiana makofi hewani, wakiitana wasamaria wa maji. Mimi nilicheka pamoja nao, na huku nikifikiri kwamba Mfungo Sita uko mlangoni, na udongo mwingine kutoka Pate hauwezi kufika, kufinyangwa na kukauka kwa wakati. Vilivyosalimika kwenye majivu vilikuwa vichache mno kuitwa kazi.

Mwezi ulipoandama, nilifagia chumba, nikasafisha rafu, nikatoa ubao na mawe ya kusugulia. Kisha nikampelekea shemeji ufunguo nyumbani kwake, Mkomani, kabla hajaja kuudai.

Alinitazama, asiupokee. "Nimesikia yaliyowapata. Shemeji, ningekuongezea mwezi."

"Hukuniambia mwezi. Uliniambia Mfungo Sita."

"Nalisema, ndio. Lakini mtu husema."

"Mimi nikisema husimama nilipokwisha kusema," nilimjibu, nikauweka ufunguo juu ya baraza yake. Aliniita mara moja. Sikugeuka.

Wenzangu walipojua, walikasirika. Mtoboaji wa matundu hakuuma maneno: "Yaani mtu akupa mwezi mzima, bure, nawe wakataa kwa sababu tarehe haikukaa sawa? Bi, wallahi, hata kalenda haina roho hiyo." Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa la mwanamke anayejiheshimu, na jibu la namna hiyo halina faida kwa mtu aliyepoteza chumba chake.

Wifi ndiye aliyetuita kiwanjani, mahali pale pale palipotupasukia. "Huku hakuna ukuta wa kutubana," alisema. "Ndooni," akatuita tuje. Jumatatu, tarehe 2 Novemba, tulitandika mikeka yetu mchangani, kila mmoja mbali na mwenzake, tukafinyanga. Bwana wa afya alikuja akatazama, akasema lau angejua kuna kiwanja, angetuambia tangu mwanzo. Kitambaa hakiguswi tena bila kupigiwa kelele: "Nakitia?" na wifi hujibu kutoka mkekani kwake. Tunasemezana kwa sauti za watu walio ng'ambo mbili za mfereji, na mizaha imerejea, ingawa mzaha unaopigiwa kelele hupoteza nusu ya utamu wake njiani. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba karakana ilikufa. Ilihama nyumbani kwangu.

Chini yangu ikawekwa saruji. Wapagazi huja asubuhi, hubwaga mifuko, na nyumba hutikisika hadi kwenye vikombe vyangu. Kisha huondoka, na saruji haina la kusema siku nzima. Vumbi lake hupanda ngazi. Ile ngazi niliyokuwa nikiketi sasa huifagia tu.

Ikiadhiniwa adhuhuri, wenzangu hukunja mikeka, kwa kuwa wana watu wa kuwapikia. Siku za mwanzo nami nilikunja wangu nikaondoka nao hadi penye njia panda, kila mmoja akashika njia yake. Kisha nikaacha. Nilianza kuja na maji ya udhu na kipande cha mkate, nikaswali pale pale.

Wifi alinigeukia siku moja, mkeka wake begani. "Huendi?"

"Nabaki kulinda vyombo. Mbuzi watavikanyaga."

"Mbuzi wepi? Huku hakuna mbuzi."

"Wapo."

Aliangalia mchanga mtupu, upande huu na ule, bila haraka. Nilijua kwamba nikitamka neno moja tu, angeutandika mkeka wake tena. Sikulitamka.

"Haya," alisema, akaivuta barakoa yake juu ya pua. "Walinde basi hao mbuzi wako."

Akaenda zake, nami nikakigeuza chetezo kilichokuwa mbele yangu, upande uliokuwa kivulini nikauelekeza kwenye jua.