Nyundo Niliyoilaumu

Nyundo yangu ya zamani ilipopasuka, nilikuwa na kazi ya kuezeka nyumba huko Mabira, na mwenye nyumba alikuwa ananisubiri. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, bidhaa zimeanza kurudi madukani baada ya muda mrefu wa rafu tupu. Pale Nkwenda, kwa mzee mmoja muuza duka ambaye wazazi wake walitoka Tanga, nilikuta nyundo za aina mbili. Ile nzuri ilinishinda bei. Nikachukua ya rahisi, yenye mpini uliopakwa rangi nyekundu.

Kwa wiki mbili ilifanya kazi bila shida. Wiki ya tatu kichwa kikaanza kucheza. Nikailaza kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe na kubana, kama mafundi wengi tulivyozoea. Asubuhi nikaikuta imekaza. Ilipolegea tena nikafanya vilevile, siku nne mfululizo.

Siku ya tano shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kunisaidia kazi. Alikuwa mkulima wa kahawa Nyabiyonza, mpole, asiye na maneno mengi. Alikuwa amesimama chini yangu, uso ameuinua, akiniuliza anipe ubao upi. Nikainua mkono kupiga msumari, nyundo ikawa nyepesi ghafla. Kichwa kilichomoka kikampata kwenye jicho la kushoto.

Tulimpakia kwenye lori la ndizi lililokuwa likipita, likatufikisha hospitali. Jicho halikupona.

Mke wangu hakunigombeza. Alifua shati la kaka yake, akalianika, ndipo akaniuliza, "Hukuona kama imelegea?"

"Ni hivi vitu vya rahisi vya wenye maduka," nikamjibu. "Vinaua watu."

Kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia hivyohivyo. Mwishowe nikakifunga kile kichwa cha nyundo kwenye kitambaa, nikaenda dukani kwa hasira.

"Shikamoo mzee. Ona ulichoniuzia."

Aliitikia, akakifungua kitambaa. Alikigonga kile chuma kwenye jiwe la mizani, akasikiliza, akakigeuza pande zote.

"Chuma hakina kasoro, fundi. Mpini ndio mbovu, ulitengenezwa mti ukiwa mbichi. Nimekuuzia vyote viwili, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu." Akanirudishia kile kichwa. "Ilicheza kabla ya kuchomoka?"

Nilishindwa kumdanganya. Nikaondoka bila hata kumuaga.

Jumapili ile nilikwenda Nyabiyonza. Shemeji alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, bandeji usoni, akichambua kahawa. Nikamweleza habari ya ndoo ya maji, siku zote nne, bila kuficha. Nilitegemea anifukuze.

Akasema bila kuacha kuchambua, "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, shemeji."

"Kiko wapi hicho kichwa?"

Nilikuwa nacho mfukoni. Alikichukua, akarudi kwenye kahawa yake. Baada ya miezi miwili hivi alikuja kwangu na nyundo kamili, kichwa ni kilekile. Mpini aliuchonga kwa ule mti mgumu wanaotumia kwa mipini ya majembe kwao, akaukausha juu ya meko, akaubana kwa kabari ya chuma. Nilisita kuipokea.

"Ifanyie kazi," akasema. "Sikukuchongea ili uitundike ukutani."

Niliitumia hadi miaka ya tisini, na haikulegea hata siku moja. Wanafunzi wangu wa ufundi waliponiuliza kama vifaa vya bei rahisi vinafaa, niliwaambia vipo vinavyofaa, ila mwenye kununua vile amejitwika kazi ya kuvikagua kila asubuhi. Sikuwaambia nilijifunza wapi.

Shemeji naye hakuwahi kulitaja tena jambo lile. Ila tulipotembea pamoja, kwenda kanisani au msibani, alinihamishia upande wake wa kulia, apate kuniona tunapoongea.