Miezi Sita Bila Kugusa Boya

Kwa miaka ishirini na sita Mama Pampu alikuwa mtu wa kutafutwa. Kisima kikigoma, mashine ya kumwagilia ikianza kukohoa, watu hawakuuliza fundi gani aitwe. Waliuliza kama Mama Pampu yupo. Alizoea hivyo na, tusidanganyane, alipenda. Karakana yake ya mabati nyuma ya bandari ilikuwa na amri moja tu: mashine chafu haionyeshwi mgeni.

Boya lake alilibuni na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu mstaafu wa fizikia. Lilielea baharini likipanda na kushuka na mawimbi, na kila lilipopanda lilivuta mkono wa pampu iliyofungwa chini yake. Shemeji alitaka lizalishe umeme. Alizunguka maofisini miaka mitatu, michoro kwapani, na kila alikokwenda akaambiwa wanataka mtambo wa kuwasha mji mzima, si taa mbili za jikoni. Mwisho akarudi karakana amenuna.

"Kwani shemeji, mawimbi lazima yawe umeme?" Mama Pampu alimuuliza. "Tunageuza wimbi kuwa umeme, halafu umeme huohuo ukasukume pampu ya mtu. Si wimbi lisukume pampu lenyewe? Tutafute anayechoma dizeli kuvuta maji ya bahari kutwa kucha. Huyo ndiye mteja wetu. Mji tutauwasha tukishakua."

Mchoma dizeli alipatikana upande wa pili wa ghuba. Alikuwa meneja wa kituo cha kuangulia samaki, mwenye matangi kumi na mawili ya vifaranga wasiovumilia maji yaliyolala. Alikubali kuja kuliona boya, ambalo lilikuwa limeshakaa baharini miezi kumi na minne. Hapo ndipo Mama Pampu alipojiponza. Siku tatu kabla ya ugeni alilivuta nchi kavu, akakwangua magamba yote ya baharini, akatupa bolti zenye kutu, akalipiga rangi ya buluu likang'aa kama sufuria mpya.

Meneja alilizunguka mara mbili, kisha akaparuza rangi kwa ukucha.

"Mama, hili limewahi kuloa kweli?"

"Miezi kumi na minne! Tumelisafisha tu. Si unajua, kizuri chajiuza."

"Kizuri mimi sikitaki. Nataka kilichoteseka. Hapa naona mbuzi kwenye gunia."

Shemeji alitazama viatu vyake. Ushahidi wote wa miezi kumi na minne ulikuwa umeshakwenda na gari la taka.

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwangalifu tu. "Lifungeni kwangu miezi sita," alisema. "Likinisukumia maji muda wote huo, nanunua manne, na wenzangu nitawaambia. Ila wewe Mama usiliguse. Likiharibika, walitengeneze watu wangu. Mashine ikiwa na daktari mmoja tu duniani, siku daktari akiugua mimi nazika samaki."

Alipoondoka, Mama Pampu aliwaka. "Watu wake ndio akina nani? Wale wanaolisha samaki?"

"Ndio haohao," shemeji alijibu. "Na kitu kinachokutegemea wewe peke yako si biashara. Hicho ni kibarua."

Mama Pampu alimnunia siku mbili. Siku ya tatu akakaa mezani akaanza kuchora kijitabu cha picha tupu. Bolti za aina saba akazifanya aina moja, ili spana moja itoshe. Vali akaihamisha kutoka chini ya boya akaifunga ufukweni, mahali ambapo mtu angeifikia bila kulowa. Kila mpira wa akiba wa kuzibia vali akautia kwenye mfuko wenye namba. Kazi hiyo ilimchosha kuliko kulibuni boya lenyewe, maana kila alichokirahisisha kilikuwa kitu ambacho jana yake alikijua yeye tu.

Mwezi wa tano tangu boya lifungwe kwa meneja, saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa dada mmoja wa kituoni anayelisha samaki.

"Mama, maji yamekata. Yasiporudi ndani ya saa moja, nimeamriwa niwashe dizeli."

Na dizeli ikiwashwa, jaribio limekufa. Mama Pampu alikuwa ameshashika mkoba wa spana, mguu mmoja nje. Shemeji alisimama mlangoni akamzibia njia. Mama Pampu akarudi akaketi.

"Haya, mwanangu. Boya linapanda na kushuka?"

"Linapanda vizuri."

"Basi ni vali. Tafuta ukurasa wa tatu, halafu..."

"Nimeshaifungua, Mama. Mpira umechanika. Natia wa mfuko namba tano."

"Angalia mstari wa kwenye mpira uelekee—"

"Baharini. Si umechora?"

Simu ikawekwa chini mahali fulani. Zilisikika hatua, chuma kugonga chuma, tusi dogo. Kisha maji.

"Yanatoka!" dada alipiga kelele.

"Nije nikague?"

"Ya nini tena? Wewe pumzika, Mama." Akakata simu.

Mama Pampu alilia, nusu kwa furaha, nusu kwa wivu, wala hakujificha.

"Umebaki mwezi mmoja," shemeji alisema, "lakini mimi naona tumeshauza."

"Tumeuza," alijibu akifuta pua kwa kanga. "Hawanihitaji hata kidogo."